Jina Lililorudishwa

Sitaandika jina la mwanangu hapa. Si siri, wala sioni haya. Ni kwamba kabla hajatimiza miaka sita alikuwa amekwisha kupewa majina matatu, na kila jina lina mwenyewe ambaye bado yuko tayari kuninunia. Nikiandika hili, wa lile atauliza kwa nini. Basi nitamwita mwanangu, kwa sababu hilo hakuna aliyeniletea.

Alizaliwa Chaani, katika nyumba ya vyumba sita ambamo sisi tulipanga chumba cha mwisho, karibu na uani. Mume wangu alikuwa kibarua bandarini, mimi nilikuwa nashona mifuko ya suruali katika kiwanda cha nguo. Mifuko ya kulia tu. Ya kushoto alishona mwingine. Asili yetu ni Rabai, na kwetu mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Hakuna mjadala. Mavyaa wangu alikuja kutoka kwake Miritini, akamshika mtoto, akalitaja jina lake mwenyewe sikioni mwake mara tatu, kisha akamfunika leso mpya. Tangu siku hiyo hakumwita mjukuu. Alimwita somo, maana wenye jina moja ni somo, na akija kututembelea alisimama mlangoni akauliza, "Somo yangu ameamkaje?" Mume wangu alimwita binti yake "mama." Mimi nikimbadilisha nepi nilikuwa nikimwambia, "Mavyaa, tulia nikufute," na wapangaji wenzangu wakicheka mpaka machozi. Hizo ndizo siku nzuri, na nazisema mapema ziishe.

Pwani, mtoto aliyelelewa hujulikana kwa jambo moja. Akiitwa, huitika. Msichana husema "abee," mvulana "naam," na hata kitoto kisichoweza kutamka "maji" utakisikia kikisema "bee" kutoka chini ya meza. Mwanangu hakuitika. Tulimwita kutoka mlangoni, kutoka uani, kutoka nyuma ya kichwa chake. Jirani wa chumba kilichopakana na chetu, mama mmoja aliyekuwa akiuza barafu, aligonga vifuniko viwili vya sufuria nyuma ya mgongo wa mtoto, na mtoto akaendelea kuzungusha kigurudumu changu cha uzi sakafuni.

"Huyu kiziwi, mwanangu," akaniambia, kwa huruma ya kweli.

Lakini hakuwa kiziwi. Friji ya mama huyo huyo ilikuwa kongwe, na kila ilipoanza kunguruma mwanangu aliacha alichokuwa nacho, akaenda kubandika shavu kwenye ukuta unaotutenganisha, akatulia hapo mpaka izime. Nilikuwa nikimwona kila siku. Nilijua anasikia.

Alipofika miaka miwili na nusu nilimpeleka kliniki kwa homa. Muuguzi alimwita jina, akangoja, akamwita tena. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko homa inavyohitaji. Kisha akaandika barua, akaniambia nimpeleke hospitali kubwa akapimwe. Akataja neno usonji, nami nikalisikia kama mtu anavyosikia jina la mtaa ambao hana jamaa wala shughuli huko.

"Si laana, mama, wala hujakosea kitu," akasema. "Ila usichelewe."

Barua niliitia sandukuni chini ya vitambaa. Nilichelewa miaka mitatu na nusu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo tuliimalizia kwenye majina.

Ni mavyaa aliyesema kwanza kwamba jina limemkataa mtoto. Sitamfanya mjinga, kwa sababu si mjinga. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Bibi mwenye mvi akiwa na mjukuu asiyesema, tena mjukuu aliyebeba jina lake, watu hujumlisha wenyewe. Husema bibi amekula ulimi wa mtoto ili aongeze siku zake. Vijijini kwetu wazee wamechomewa nyumba kwa maneno mepesi kuliko hayo. Alikuwa ameanza kuona wanawake wakipunguza sauti akipita kisimani, na mtu mjane anayekaa peke yake huyaona mambo hayo upesi.

Alikuja Jumamosi asubuhi na dada zake wawili na kata ya maji. Walitandika mkeka chumbani mwetu, wakamkalisha mwanangu katikati, naye akawageuzia mgongo na kuanza na kigurudumu chake. Desturi ni rahisi. Unataja majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya moja, taratibu, na jina ambalo mtoto atalinyamazia kilio au kuligeukia, basi mwenye jina hilo ndiye anayemtaka. Mavyaa alitaja mama zake, shangazi zake, bibi zake. Kila jina tone la maji utosini. Mtoto hakuinua kichwa. Walipita majina kumi na zaidi, nikaona jasho likimtoka mavyaa.

Akafika kwa shangazi mmoja wa babu, mwanamke ambaye habari yake ninayoijua ni moja tu, kwamba alivunja ndoa mbili na zote hazikuwa zake. Akalitaja jina. Wakati huo huo, upande wa pili wa ukuta, friji ikaanza kunguruma. Mwanangu akageuka.

Vigelegele vilipigwa mpaka watu wa nyumba ya tatu wakaja kuuliza nani anaolewa. Mavyaa alilia. Dada zake walimshika mikono, wakamwambia sasa yamekwisha. Mume wangu alitoka nje kujifuta uso. Nami nilikuwa nimeona, wazi kabisa, kwamba mtoto hakumtazama mtu yeyote mle chumbani. Alikuwa akiutazama ukuta.

Sikusema. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu langu haliniridhishi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima watu wamwangalie mwanangu kwa furaha. Nilitaka wamwangalie hivyo hata kwa dakika kumi. Kwa ajili ya dakika kumi hizo niliacha friji impe mwanangu jina, na mpaka leo sijamwambia mavyaa.

Kabla hawajaondoka, mavyaa aliichukua ile leso aliyomfunika mtoto siku ya kwanza. Aliikunja mara nne, akaitia kikapuni.

"Jina langu narudi nalo," akasema. "Msinielewe vibaya, wanangu. Ni kwa faida yake."

Baada ya miezi minne mke wa shemeji yangu alijifungua msichana, na leso ikaenda kwake, na jina, na neno somo. Jina halipungui kwa kugawanywa. Kwetu wajukuu hata watano hubeba jina la bibi mmoja, wakiitwa wote wanakuja mbio, na bibi huona fahari. Mavyaa angeweza kuwa nao wote wawili. Lakini alitaka watu wasikie kwamba wa kwanza si wake tena.

Jina la shangazi wa babu halikufanya kazi yoyote, kama mtakavyokuwa mmetambua. Ndipo likaja jina la tatu. Mchungaji wetu, mtu wa bara, alisema mtoto aliyepewa jina la mfu atanyamaza kama mfu. Tulifunga siku tatu, akampaka mafuta, akampa jina kutoka kwenye Biblia, huku spika mbili kubwa kama makabati zikipiga kando ya kichwa chake. Mwanangu alijiuma mkono mpaka damu. Waumini waliona pepo akihangaika, wakaongeza sauti. Alama ya meno bado iko, juu kidogo ya kifundo, na kila ninapomwosha naiona.

Kilichonitoa usingizini si busara. Ni siku aliyopotea, akiwa na miaka sita. Tulikuwa Miritini kwa mavyaa, sikukuu ya Pasaka, na mtu aliacha lango wazi. Kutoka pale hadi barabara ya malori ni hatua chache. Watu walitoka wote kumtafuta, na walimtafuta kwa kuita. Mavyaa na dada zake waliita jina la marehemu. Waumini waliita jina la Biblia. Mume wangu alisahau yote akaita lile la kwanza, na mtoto mdogo wa shemeji yangu akaitika "abee" kila mara, akidhani anaitwa yeye. Nilisimama katikati ya kelele hiyo nikahisi naona kwa mara ya kwanza tulichokifanya. Tulikuwa tunamtafuta mtoto kwa majina matatu, na hakuna hata moja tulilomfundisha kuwa ni lake.

Niliacha kuita. Nilijiuliza tu, ningekuwa yeye ningekwenda wapi? Nikaenda kwenye foleni ya malori yaliyokuwa yamesimama, nikisikiliza, nikakuta moja limebeba kontena la baridi lenye mota inayonguruma. Alikuwa amesimama chini yake, shavu kwenye bati, macho ameyafumba. Dereva alikuwa ndani ya kichwa cha lori akinywa chai. Alikuwa karibu kuondoka.

Kesho yake niliitoa barua sandukuni.

Daktari wa pale hospitali alikuwa dada wa umri mdogo, mpole, na swali lake la kwanza lilikuwa jepesi kuliko yote. "Mtoto mnamwitaje?" Mimi na mume wangu tulijibu pamoja, majina mawili tofauti. Akaweka kalamu chini. Hakutugombeza, na ningependa angetugombeza. Alituambia kwamba kwa mtoto mwenye usonji sauti zote huingia kwa nguvu moja: jina lake, pikipiki, sufuria, mvua kwenye bati. Sisi wengine jina letu hujitenga lenyewe likatugusa bega. Yeye inabidi afundishwe ni ipi kati ya sauti hizo inayomhusu, polepole, kwa mwaka au miwili, na hiyo sauti isibadilike. Nilitazama sakafu. Mume wangu alisema tu, "Tumeelewa, daktari," kwa sauti ya mtu anayetaka kutoka nje.

Kuelewa, basi, ni kazi ya mikono. Niliacha kiwanda, nikaweka cherehani yangu barazani na kushona sare za shule. Nilijifunza kutomwita kutoka mbali. Ninakwenda mbele yake, ninachutama mpaka macho yangu yawe chini ya macho yake, ninamwonyesha kitu. Kikombe ni maji. Ndara ni kutoka. Beseni ni kuoga, na beseni lazima liwe la buluu; lilipopasuka tulizunguka Changamwe nzima siku mbili kutafuta buluu ile. Ugali na mchuzi havigusani, kila kimoja na sahani yake, na mchuzi mara nyingi hauliwi. Hamri halikatwi. Ukilikata, limekufa, na utakaanga lingine. Mume wangu alimletea vile vya kuziba masikio wanavyovaa bandarini, vya rangi ya machungwa, vikubwa kuliko kichwa chake. Siku ya kwanza kuvivaa alitembea mpaka sokoni bila kujiuma. Watu walicheka, wakamwita fundi wa meli. Nilitaka kuwatukana, lakini niliona anatembea, nikawaacha.

Nilimfungia njuga ndogo kwenye ndara nijue aendako. Jirani mmoja akaniuliza kama nafuga mbuzi. Nikamjibu kwamba mbuzi wangu nikimpoteza sitahitaji kumtafuta kwa majina matatu. Hakunielewa, na sikuwa na nguvu za kumweleza. Hilo nalo nimejifunza: kwamba uvumilivu ni akiba ndogo, na wangu unawatosha wa nyumbani tu.

Jina tulirudia lile la kwanza, lililo kwenye cheti cha kuzaliwa. Hatukumwomba mtu ruhusa. Mwalimu wa kitengo maalumu katika shule ya karibu alitufundisha namna. Unakaa mbele ya mtoto, unalitaja jina mara moja, kwa sauti ile ile, na papo hapo unamtia mkononi kipande cha kachiri, zile chipsi nyembamba za muhogo, kitu pekee anachokipenda kuliko friji. Jina, kachiri. Jina, kachiri. Kisha unarudi nyuma hatua moja. Baada ya wiki, hatua mbili. Tulifanya hivyo mwaka na miezi. Nilichukia kachiri, nilichukia jina, na siku nyingine nilimchukia mwenye jina, kwa kuwa alikuwa amelitoa kama zawadi na kulichukua kama deni.

Siku moja nilikuwa barazani na uzi kinywani, nikalitaja bila kufikiri, kwa mazoea tu. Nikasikia njuga. Alikuwa ametoka mwisho wa ukumbi, akapita milango mitano ya watu, akasimama mbele yangu na kiganja wazi. Sikuwa na kachiri. Nilimshika mkono nikalia, naye akanitazama kwa kuudhika, kwa haki kabisa, kwa sababu alikuwa ameitwa na hakupewa kitu.

Baada ya hapo nilitaka jambo moja tu. Nilitaka mavyaa amwite. Tangu ile siku ya Pasaka alikuwa hajamwita jina lolote; akija kwetu alisema "huyu," au "mtoto wenu." Nilitaka amwite kwa jina lake mwenyewe, mbele ya watu, mtoto aende, na somo wapatane. Nilijiambia kwamba akiona mara moja tu, hofu itamtoka. Sikumwambia mapema. Niliona nikimwambia atadhani namwomba. Nilikuwa na kiburi, na labda ingesaidia kama ningekimeza.

Krismasi iliyopita tulikwenda Miritini. Mwanangu ana miaka tisa sasa. Uani kulikuwa na viti vya kukodi na wanawake wa kanisani na sahani zao, na mavyaa alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi mlangoni pa jikoni, akiwa na firigisi ya kuku kwenye kijiko. Firigisi kwake huenda kwa somo yake, kila sikukuu. Mwanangu alikuwa mbali, upande wa tangi la maji, ameviteremsha shingoni vile vya masikio. Mavyaa akainua uso, akaita jina lake.

Nilisikia njuga kabla sijaona. Alikuja moja kwa moja, katikati ya viti, yeye asiyevumilia kuguswa na nguo ya mtu asiyemjua, akapenya kati ya magoti na sahani, na hakuna aliyemshika mkono, na hakuna aliyemsukuma. Alisimama mbele ya bibi yake, akanyoosha mkono wa kulia, kiganja wazi. Mume wangu alisimama kutoka kwenye kiti chake.

Nyuma yake mtoto wa shemeji yangu alikuwa amefika mbio. "Abee, bibi."

Mavyaa alimtazama mwanangu. Alimtazama vizuri, najua aliona, kwa sababu kijiko alikirudisha kifuani. Kisha akawatazama wale wanawake wa kanisani. Walikuwa wameacha kutafuna.

"Si wewe, mwanangu," akasema, taratibu. "Nimemwita somo yangu."

Akapitisha kijiko juu ya bega la mwanangu, akampa yule mwingine. Yule akala, na simlaumu, ni mtoto. Maongezi yakaanza tena, upande mmoja kisha upande wa pili. Mavyaa akainama, akajishughulisha na moto ambao haukuwa na tatizo lolote.

Mwanangu hakuondoka. Nilimwita kutoka nilipokuwa, jina lile lile, kwa sauti ile ile ya nyumbani, na kachiri nilikuwa nazo ndani ya kitambaa. Hakugeuka. Nikaenda mbele yake, nikachutama kama nilivyofundishwa, nikamwonyesha kachiri, nikamwonyesha ndara. Akanisogeza pembeni kwa mkono wake wa kushoto, kama anavyosogeza kiti, apate kumwona bibi yake. Mkono wa kulia ulikuwa bado umenyooshwa.